Funguo za kusimba bakapu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na ofisi ndogo za Nyanda za Juu Kusini

Bakapu ni nakala ya akiba ya data, na kusimba ni kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Majibu haya ni kwa ajili ya mhasibu wa SACCOS, mwenye zahanati, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika) ya kahawa huko Mbozi, mpiga picha wa Iringa mjini, na mwalimu wa taaluma aliyekabidhiwa kompyuta yenye matokeo ya shule nzima. Amri zilizoandikwa humu ni za Restic, programu ya kufanya bakapu, kwa sababu ndiyo ninayowawekea wengi. Borg na Duplicati, programu nyingine za kazi hiyohiyo, nimezigusa pale zinapotofautiana nayo. Maswali kuhusu nani ashike ufunguo yamepata majibu marefu kuliko yale ya mitambo, kwa kuwa huko ndiko data nyingi zinakopotelea.

Kwani lazima kusimba? Diski yenyewe naifungia kabatini.

Diski isiyotoka kabatini ni bakapu nusu. Waliokuwapo Mwanjelwa soko lilipoungua wanajua moto hauchagui kabati. Kuna kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu za data, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Hiyo ya nje ndiyo inayodai kusimbwa. Itapanda daladala kwenye begi la mtu, au itatumwa kwa basi kama kifurushi kutoka Mbeya kwenda Iringa, au itapandishwa kwenye seva iliyo nchi nyingine. Humo ndani mna majina ya wanachama, namba za NIDA, namba za simu, mikopo na dhamana zao. Laptopu yako ina nenosiri la Windows, lakini eksteno, yaani diski ya kuchomeka nje, haina chochote. Atakayeiokota stendi akaichomeka kwenye kompyuta yake anasoma kila kitu.

Nenosiri ninaloandika ndilo ufunguo wenyewe?

Kwa programu nyingi nzuri, hapana. Unapoanzisha hazina ya bakapu, yaani folda ambamo bakapu zote zitawekwa, programu inajitengenezea ufunguo mkuu kwa bahati nasibu, namba ndefu ambayo hakuna binadamu atakayeikariri. Ufunguo huo ndio unaosimba mafaili yako. Nenosiri lako kazi yake ni kuufunga ufunguo mkuu, kama vile ungefungia funguo za ghala ndani ya kisanduku kidogo chenye kufuli lake.

Hili lina matokeo mawili ya kukumbuka. Kwanza, unaweza kuwa na visanduku viwili au vitatu vyenye ufunguo uleule, kila kimoja na nenosiri lake. Restic inaruhusu hivyo, na tutaona faida yake. Pili, kisanduku chenyewe kikipotea, nenosiri peke yake halina kazi. Katika Restic visanduku hivyo ni mafaili yaliyomo kwenye folda iitwayo `keys` ndani ya hazina. Mtu akiifuta folda hiyo kwa kudhani ni takataka, data yote imekwenda, hata kama nenosiri unalijua kwa moyo.

Duplicati iko tofauti. Yenyewe inafunga mafaili ya bakapu kwa nenosiri lako moja kwa moja, ndiyo maana huwezi kulibadilisha baada ya bakapu kuanza bila kuanza upya mahali pengine.

Nikisahau nenosiri, fundi hawezi kufungua? Mbona la Windows fundi alilitoa kwa dakika tano?

Swali hili ndilo linaloumiza watu kuliko yote. Tumezoea kwamba hakuna kufuli la kompyuta linalomshinda fundi. Umesahau nenosiri la Windows, unampelekea kijana pale Kabwe, anachomeka flashi yake, unarudi na mashine imefunguka. Simu imejifunga kwa mchoro, inaflashiwa. Kwa hiyo mtu anapoweka nenosiri la bakapu, moyoni ana hesabu kwamba siku mambo yakiharibika yupo wa kumkimbilia.

Nenosiri la kawaida la Windows halisimbi mafaili. Linazuia mtu kuingia kwa kupitia skrini ile, basi. Kama diski haijasimbwa, mafaili yenyewe yamekaa wazi humo, na fundi anayafikia kwa kuizunguka skrini. Simu iliyoflashiwa nayo inarudi ikiwa tupu: kilichookolewa ni simu, picha zimekwenda. Bakapu iliyosimbwa haina mlango wa nyuma. Mafaili yenyewe yamegeuzwa kuwa vurugu ya herufi, na kinachoweza kuyarudisha ni ufunguo tu. Kwa AES, njia ya kusimba inayotumiwa sana, yenye ufunguo wa biti 256, idadi ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Hakuna kompyuta ya Kariakoo, ya Marekani wala ya kwa Mchina inayoweza kuzijaribu zote.

Waliotengeneza programu nao hawana nakala ya ufunguo wako. Restic inapoanzisha hazina inakuandikia onyo palepale kwenye skrini kwamba ukipoteza nenosiri, data haitarudi. Watu hulipita wakiwa na haraka. Na anayekupigia simu akisema atafungua bakapu yako kwa laki tatu, anachotafuta ni hiyo laki tatu.

Nichague nenosiri la aina gani?

Tuanze na yale yanayochaguliwa sana: jina la SACCOS na mwaka, jina la mtoto wa kwanza, Simba au Yanga ikifuatiwa na 123, mstari wa Biblia, na namba ya simu. Namba ya simu watu huiona ngumu kwa sababu ina tarakimu 10. Hesabu kidogo: namba zetu za mkononi zinaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu 8, yaani jumla yake ni milioni 200. Hata kama programu inamchelewesha mwizi hadi ajaribu mara 100 tu kwa sekunde, atazimaliza zote ndani ya siku 23 hivi. Na kama namba yenyewe ndiyo iliyoandikwa kwenye bango la ofisi, hatahitaji hata siku moja.

Kinachofanya kazi ni maneno kadhaa yaliyopatikana kwa bahati nasibu. Njia ya dadu, iliyobuniwa na Arnold Reinhold mwaka 1995 kwa jina la Diceware, inatumia orodha ya maneno 7,776 na dadu tano kwa kila neno. Kwa Kiswahili unaweza kujitengenezea orodha fupi zaidi. Chukua maneno 1,296 mafupi ya kila siku, yape namba kuanzia 1111 hadi 6666 kwa kutumia tarakimu 1 mpaka 6 peke yake, kisha rusha dadu nne za ludo. Zikisema 3, 1, 6, 2, neno lako ni lile la 3162. Rudia mara nane. Maneno manane ya orodha hiyo yatamshughulisha mwizi mwenye uwezo wa kujaribu mara milioni 100 kwa sekunde kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Usibadilishe neno kwa sababu halikupendezi. Ukianza kuchagua, si bahati nasibu tena. Asiyetaka kurusha dadu atumie KeePassXC, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya kuzalisha nenosiri la maneno. Orodha yake ya kawaida ni ya Kiingereza, na maneno sita yanatosha. Andika yote kwa herufi ndogo, ukitenga kwa nafasi au kistari. Ukichanganya herufi kubwa, alama za dola na sifuri inayofanana na O, mwaka ujao mtu atasimama mbele ya karatasi hiyo akibishana na mwandiko wako.

Hatua za kuweka ufunguo kwenye Restic ni zipi?

Tuseme eksteno imesoma kama E: kwenye Windows. Andika karatasini nenosiri ulilolipata kwa dadu kabla ya kugusa kibodi. Ndiyo, kabla. Kisha:

`restic -r E:\bakapu init`

Itakuomba nenosiri mara mbili. Likikubaliwa, hazina imezaliwa na ufunguo mkuu umo ndani. Sasa ongeza nenosiri la pili, la dharura, tofauti kabisa na la kwanza:

`restic -r E:\bakapu key add`

Itaomba lile la zamani, kisha jipya. Ukitaka kuhakikisha zipo mbili:

`restic -r E:\bakapu key list`

Nenosiri la kwanza ni la kazi za kila siku. La pili halichapwi popote mpaka siku ya msiba: linaingia kwenye bahasha. Kwa mpangilio huu, ukihisi la kila siku limevuja unaweza kuliondoa bila kuzifuata bahasha zilipo. Aina ya usimbaji usiichezee. Restic haikupi hata nafasi ya kuchagua, inatumia AES-256, na hilo ni jambo jema. AES ni kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na imekuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani tangu 2001. Kila mtu anajua inavyofanya kazi na bado haifunguki bila ufunguo.

Borg inaniuliza nichague repokey au keyfile. Kuna tofauti gani?

Kwa `repokey`, ufunguo uliofungwa kwa nenosiri unakaa ndani ya hazina yenyewe. Kwa `keyfile`, unakaa kwenye kompyuta yako, chini ya `~/.config/borg/keys`, na ndani ya hazina haumo. Hii ya pili ni salama zaidi kama humwamini mwenye seva, lakini laptopu ikiibwa pamoja na faili lile, bakapu iliyoko salama kabisa Iringa haitafunguka. Kwa ofisi ndogo nashauri `repokey`.

Vyovyote utakavyochagua, toa nakala ya ufunguo kwa `borg key export`, ukiongeza `--paper`. Utapata mistari ya herufi na tarakimu ambayo kila mmoja una namba ya kujihakiki, ili atakayeichapa upya ajue papo hapo mstari gani amekosea. Karatasi hiyo haifungui kitu bila nenosiri, kwa hiyo vyote viwili vinahitajika.

Natumia Duplicati na sijawahi kuulizwa nenosiri tena tangu siku ya kwanza. Ni sawa?

Ni sawa kwa bakapu, ila kwako ni mtego. Duplicati inaliweka nenosiri kwenye kumbukumbu zake ndani ya kompyuta ileile, ndiyo maana bakapu ya kila usiku inakwenda bila kukusumbua. Unarudisha faili moja, linarudi. Unajiona uko vizuri. Siku kompyuta ikiungua au kuibwa, unasakinisha Duplicati kwenye mashine mpya, unaielekeza kwenye bakapu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili inakuuliza nenosiri.

Leo hii, kompyuta ingali hai, nenda kwenye sehemu ya kutoa mipangilio ya bakapu uihifadhi. Ukichagua kujumuisha manenosiri, lifunge faili hilo kwa nenosiri jingine unalolijua. Au, kama hulikumbuki hata kidogo, anzisha bakapu mpya mahali papya na safari hii liandike.

Nenosiri kukaa kwenye faili ndani ya kompyuta ili bakapu ijiendeshe usiku, si hatari?

Jiulize unamzuia nani. Mwenye kompyuta yako mkononi tayari anazo data zenyewe, haihitaji bakapu. Kusimba kunailinda ile nakala iliyo mbali na kompyuta. Kwa hiyo faili la nenosiri linaweza kukaa kwenye mashine, mradi lisomwe na mtumiaji mmoja tu, na lisiingie kwenye eksteno pamoja na bakapu. Nimekuta diski yenye folda ya bakapu na pembeni yake faili la maandishi lenye jina "nenosiri la bakapu".

Wenye seva ya Linux wana njia nzuri zaidi ya funguo mbili, kwa kutumia programu za kusimba za GnuPG au age. Kompyuta inayofanya bakapu inapewa ufunguo wa umma peke yake, ambao unajua kufunga na haujui kufungua. Ule wa siri unakaa kwenye bahasha au flashi iliyo sefuni. Duplicity, programu ya bakapu isiyo sawa na Duplicati, inafanya kazi vizuri na GnuPG kwa mtindo huu. Kwa ofisi yenye kompyuta mbili za Windows, usijisumbue.

Nani ashike ufunguo?

Hili ndilo swali la kuuliza kwanza, na huulizwa mwisho, fundi akiwa ameshafunga begi.

Mtu mmoja peke yake asishike, hata awe mwaminifu vipi. Mhasibu anaugua, anahama, anafariki, anakorofishana na bodi. Mhasibu mwenye nenosiri pekee la bakapu, siku ya ugomvi, ameishika ofisi nzima mkononi bila hata kukusudia. Upande mwingine, nenosiri linalojulikana na watu saba limekwisha kuwa tangazo.

Mpangilio ninaouona ukidumu ni wa bahasha mbili. Ndani ya kila moja mna nenosiri la dharura lililoandikwa kwa mkono, jina la programu na toleo lake, mahali zilipo diski, jina la akaunti ya mtandaoni kama ipo, na tarehe. Andika kwa ajili ya mtu asiye fundi. Atakayeifungua pengine atakuwa mjane, au mjumbe wa bodi ambaye kompyuta anaiona kwa mbali. Mwambie achukue karatasi hiyo pamoja na diski ampelekee fundi, na akae naye mpaka kazi iishe.

Bahasha zifungwe, zisainiwe juu ya mkunjo na watu wawili, na ukiweza tia lakiri. Moja iingie kwenye sefu ya ofisi. Ya pili itoke nje ya jengo, na isikae kwa mtu yuleyule anayetunza diski ya nje. Kama diski iko kwa mwenyekiti Uyole, bahasha iwe kwa wakili wa chama mjini, au kwa mjumbe anayeishi Tukuyu, kilomita kama 70 kutoka Mbeya mjini. Aliye na diski hana ufunguo, aliye na ufunguo hana diski, na wakikutana ni kwa sababu bodi imewaita.

Anzisha ukurasa kwenye daftari la makabidhiano: tarehe, bahasha ipo wapi, nani ameifungua, kwa sababu gani, na lini imewekwa nyingine. Katika kikao cha bodi mtu ainyanyue bahasha aseme lakiri ni nzima. Inachukua nusu dakika. Na meneja anapokabidhi ofisi, kwenye hati ya makabidhiano, chini ya funguo za sefu na mihuri, uwepo mstari wa bahasha hiyo. Ofisi zetu zinajua sana kukabidhi viti na mafaili. Tatizo ni kwamba nenosiri halionekani, basi halikabidhiwi.

Angalia pia akaunti ya mtandaoni imeunganishwa na laini ya nani. Kama namba ya uthibitisho inatumwa kwenye simu ya kijana aliyeacha kazi mwaka juzi, ufunguo unao ila mlango wa kuifikia bakapu huna.

Kwa mpiga picha au familia, bahasha moja ikae pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, na mwenzi wako ajue ipo.

Je, nenosiri likikatwa vipande viwili, kila mjumbe akashika nusu?

Usifanye hivyo. Nusu moja ikipotea, yote yamepotea, kwa hiyo umeongeza nafasi za kuharibikiwa maradufu. Ipo njia sahihi ya kugawa, ya Adi Shamir, mwanahisabati wa Israeli, aliyoichapisha mwaka 1979. Siri inagawanywa mathalani vipande vitatu, na viwili vyovyote vinatosha kuirudisha, huku kimoja peke yake hakisemi lolote. Kwenye Linux kuna programu iitwayo `ssss` inayofanya hivyo. Inawafaa wenye siri nzito na watu wa kuielewa. Kwa chama cha msingi, naona bahasha mbili zilizosainiwa zinaeleweka na kila mjumbe, na kinachoeleweka ndicho kinachotunzwa.

Karatasi gani, na kalamu gani?

Karatasi ya kawaida na penseli au kalamu ya biki. Wino wa jeli ukiloa unatiririka. Karatasi ya risiti za EFD usiiguse kwa kazi hii, inafifia ndani ya miezi. Wa Rungwe, kwa mvua na ukungu wa huko, weka karatasi kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuitia kwenye bahasha.

Usiende kuchapisha steshenari. Faili lako litabaki kwenye kompyuta yao, na flashi yako itarudi na virusi. Kulamineti nako kunampa mwenye duka muda wa kusoma. Kupiga picha kwa simu ndiyo njia ya mkato inayopendwa, lakini picha hiyo inapanda yenyewe mtandaoni na siku moja itatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwa bahati mbaya.

Meneja ameondoka. Kubadilisha nenosiri kunatosha?

Mara nyingi ndiyo. Kwa Restic, ongeza lako jipya kwa `key add`, kisha liondoe lake kwa `key remove`. Halichukui muda, kwa sababu kinachobadilika ni kisanduku tu. Mafaili hayasimbwi upya. Badilisha na bahasha.

Kumbuka tu kwamba ufunguo mkuu umebaki uleule. Kama aliyeondoka alijinakilia hazina nzima, au hata faili lake la kwenye folda ya `keys` peke yake, nenosiri lake la zamani bado linaufungua ufunguo mkuu aliobeba. Ukiwa na sababu ya kumshuku, anzisha hazina mpya yenye ufunguo mpya, na ile ya zamani iifungie sefuni mpaka muda wake wa kutunzwa uishe.

Nitajuaje kwamba bahasha inafanya kazi?

Amri ya `restic check` inakuambia hazina ni nzima. Haikuambii kama karatasi imeandikwa vizuri, maana nenosiri inalichukua kutoka kwenye faili la mashine. Jaribio la kweli linahitaji kompyuta nyingine, ambayo haijawahi kuiona bakapu hiyo. Chukua diski, fungua bahasha mbele ya mashahidi, sakinisha programu, chapa maneno kama yalivyoandikwa, na rudisha folda moja:

`restic -r E:\bakapu restore latest --target C:\jaribio`

Fungua faili la Excel au la hesabu uone namba zake. Ukimaliza, futa folda ya jaribio, weka bahasha mpya, saini daftari. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, na wakati mzuri ni kabla mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hajafika, kwa sababu wakati huo kila mtu anatafuta nyaraka za zamani hata hivyo. Achape mtu mwingine, siyo aliyeandika. Aliyeandika anasoma anachokumbuka, hasomi kilichoandikwa.

Umeme ukikatika katikati ya bakapu, ufunguo unaharibika?

Hapana. Faili la ufunguo liliandikwa siku ya kwanza na haliguswi kila usiku. Unachoweza kukutana nacho umeme ukirudi ni ujumbe kwamba hazina imefungwa na kazi nyingine. Andika `restic unlock`. Amri hiyo inaondoa alama ya "nipo kazini" iliyoachwa na bakapu iliyokatika. Haifungui nenosiri lililosahaulika, ingawa wapo wanaoikimbilia kwa matumaini hayo.

Kusimba kutanimalizia bando au kuichosha kompyuta?

Kwa bando, hapana. Restic inabana data na kuondoa marudio kabla ya kusimba, kwa hiyo kinachopanda ni kile kilichobadilika tu. Kubana kulianza na toleo 0.14 la mwaka 2022. Kama una la zamani zaidi, sasisha. Kinachokula bando ni bakapu ya kwanza kabisa, kwa hiyo nakala nzito ifanye kwenye eksteno, na mtandaoni peleka folda za hesabu na nyaraka kwanza. Prosesa nyingi za miaka kumi na kitu iliyopita mpaka leo zina maelekezo ya AES ndani yake, hutaona tofauti. Mashine ya mtumba ya zamani sana itapumua kidogo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Mwenye zahanati anayebeba kwenye begi eksteno isiyosimbwa yenye taarifa za wagonjwa ajifikirie. Inagusa pia kusafirisha taarifa nje ya nchi, na seva za mtandaoni mara nyingi ziko nje. Kusimba kunasaidia sana lakini hakukuondolei wajibu mwingine, ukiwemo wa kujisajili kwa Tume.

Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, usimbaji wangu utavizuia?

Hautazuia. Virusi hivyo vinasimba juu ya usimbaji wako, au vinafuta bakapu kabisa. Dawa ni kuchomoa eksteno bakapu ikiisha, na kuwa na diski mbili za kupokezana.

BitLocker, usimbaji wa Windows yenyewe, kwenye eksteno haitoshi?

Inatosha kwa mwenye Windows Pro anayenakili mafaili kwa mkono. Toleo la Home linaweza kuifungua diski iliyofungwa kwa BitLocker, ila haliwezi kuifunga. Itakupa ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Huo nao unaingia kwenye bahasha, kwa taratibu zilezile.

WhatsApp imeniletea ufunguo wa tarakimu 64. Niufanye nini?

Ni ufunguo wa bakapu ya mazungumzo yako. Tangu 2021 WhatsApp inakuruhusu kuisimba kwa nenosiri au kwa tarakimu hizo 64. Ukichagua tarakimu, ziandike palepale. Usizitunze ndani ya WhatsApp hiyohiyo, kwa kujitumia ujumbe: simu ikipotea, zimepotea nazo. WhatsApp hawawezi kukurudishia. Wengi wanaonunua na kuuza kwa mazungumzo ya simu, mpunga wa Kyela au parachichi za Njombe, ushahidi wao wote wa malipo umo humo.

Nataka kuuza eksteno ya zamani iliyokuwa na bakapu.

Kama tangu inunuliwe ilipokea bakapu iliyosimbwa tu, iformati na uiuze. Kama iliwahi kubeba mafaili yaliyo wazi hata wiki moja, format ya haraka haiyafuti kweli, na programu za kurudisha mafaili ziko kila mahali. Ondoa alama ya format ya haraka, uiache Windows iandike sifuri kwenye diski nzima. Kwa terabaiti moja panga iende usiku kucha, na uichomeke kwenye UPS.